Kofia ya Mzee Mallya

Kabla hajapewa hata maji ya kunywa, Aikande Mushi alikuwa ameshatukanwa.

Ndio kwanza alikuwa anavuka mlango wa Nyumba ya Wazee Mteremko, nje kidogo ya mji wa Same, begi la ukaguzi begani na vumbi mpaka kwenye kope, akasikia sauti ya kizee kutoka kwenye meza ndefu ya barazani:

"Ficheni vijiko jamani! Mchaga kaingia!"

Meza nzima ikaangua kicheko. Wazee walikuwa wamebanana kama watu wa harusini, kila mmoja na sahani yake ya makande, na kila mmoja na lake la kusema. Aikande akamtafuta msemaji. Alikuwa mzee mrefu, mwembamba, shingo ndefu kama ya mbuni, anamkodolea macho bila haya yoyote.

"Shikamoo, mzee," akasema Aikande.

"Shikamoo yako irudishe mfukoni, Manka. Baadaye utakuja kunidai bei yake."

"Huyo ni Mzee Senkondo, Mpare wa Usangi," akasema Matroni Riziki, msimamizi wa nyumba, akija mbio huku anajifuta mikono kwenye kanga. "Usimjali, si mtani wako? Kwake kila mwanamke wa Kichaga ni Manka. Tangu jana nilipowaambia mkaguzi anaitwa Mushi, hajatulia."

Utani Aikande aliujua. Nani asiyeujua? Mchaga na Mpare wakikutana hata msibani, lazima mmoja aambiwe kauza jeneza la baba yake, na mwingine aambiwe kauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Wanatukanana mpaka machozi, halafu wanabeba maiti pamoja. Lakini hayo ni ya watu. Kilichomleta yeye hapa hakikuwa mtu.

Akatoa muhuri kwenye begi. Kilikuwa kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni, cheusi, kinachopata joto kikishikwa. Akakibonyeza. Wazee wote wakanyamaza ili wasikie, maana nyumba ile hakuna jambo lililokuwa la mtu mmoja.

"Mkaguzi," ukasema muhuri, "je, una ndugu ndani ya nyumba hii?"

"Hapana."

"Ukaguzi umefunguliwa. Ufungwe kabla ya jua kuzama."

"Na ungesema ndiyo?" akadakia bibi mmoja mwenye hina mpaka viwikoni. Huyu alikuwa Bibi Sikudhani, mtu wa Pangani, na kama kulikuwa na habari Same nzima ambayo hajaisikia, basi ilikuwa bado haijatokea.

"Ungezimika, bibi, na ukaguzi wote ungebatilika. Mtu hakagui nyumba ya ndugu yake."

"Ahaa," akasema Bibi Sikudhani, akaendelea kutafuna taratibu.

Ndipo Aikande akakiona alichokifuata. Mashine ya ulezi ilitoka jikoni kwa magurudumu yake, mikono miwili iliyovikwa mpira laini, taa mbili mahali pa macho, na kichwani, jamani, kofia ya pama ya kahawia iliyochakaa ukingo. Ikasimama kando ya Mzee Senkondo.

"Mzee Senkondo, makande yanapoa," ikasema kwa ile sauti nyororo ya kike inayoita watu foleni za benki. "Au unasubiri hakimu aje ayasikilize kwanza?"

Mzee akachota kijiko kizima, akala. "Makande gani haya? Chumvi umeipima kwa mizani ya dukani kwenu, ndiyo maana haitoshi."

"Mizani yangu ni halali. Nyinyi ndio mlimfungulia mbuzi kesi, mkaahirisha mpaka mbuzi akafa kwa uzee."

Kijiko kingine. "Mchaga ukimwambia habari za asubuhi, anakuuliza ni bei gani!"

Wazee wakagonga meza kwa vicheko. Aikande hakucheka. Malalamiko aliyotumiwa yalikuwa ya kweli basi: mashine inamtukana mzee hadharani, mchana kweupe, tena msimamizi yupo anaangalia. Akausogeza muhuri karibu. Kisha akaona kitu kingine. Mzee Senkondo alikuwa ameinamia sahani, kimya. Mashine ikanyanyua mkono, ikavua kofia, ikaishika kifuani. Baada ya muda mzee akainua kichwa, akapiga chafya, akasema, "Wachaga bwana!" Mashine ikavaa kofia tena, ikaendelea na utani wake wa mbuzi.

Aikande akaunong'oneza muhuri: "Mkono wa kulia una kasoro. Unavua na kuvaa kofia bila sababu."

Mashine ikageuka kumtazama, kana kwamba imesikia.

"Karibu nyumbani, dada Manka," ikasema. "Usimsikilize huyu Mpare. Sisi wawili tutamweza."

Damu ikampanda Aikande. "Nyamaza, kopo wee! Mimi sina ndugu wa bati!"

Vijiko vikasimama hewani. Hata nzi walionekana kusita. Aikande akatazama huku na huku, hajui amefanya nini. Dakika iliyopita watu hawa hawa walikuwa wanatukanana na kupigiana makofi ya furaha, sasa wanamtazama kama mtu aliyetema mate kwenye chungu.

"Mama mkaguzi," akasema Bibi Sikudhani polepole, "hilo ni tusi."

"Na yeye alikuwa anasema nini muda wote?"

"Yeye alikuwa anamtania Mpare. Mangi huyu ni Mchaga. Wewe ni Mchaga. Mtani wako ni Senkondo. Huyo mtukane mpaka kesho, hakuna atakayekuuliza. Lakini huyu ni mtu wa kwenu. Ndugu hatukanwi. Umuombe radhi."

"Nimuombe radhi... mashine?"

"Mangi," wakasema watu watatu kwa pamoja.

Mzee Senkondo akasukuma sahani katikati ya meza. "Mimi sili penye matusi," akasema, akakunja mikono.

*

"Kaa kwanza, mama, unywe chai," akasema Matroni Riziki jikoni, akafunga mlango, ingawa kivuli cha Bibi Sikudhani kilionekana wazi chini yake. "Nikueleze ilivyokuwa."

Ilikuwa hivi. Mzee Senkondo alikuwa na mtani wake humu ndani, Mzee Mallya, muuza spea mstaafu kutoka Marangu. Vitanda vyao vilipakana, viti vyao vilipakana. Walitukanana asubuhi, mchana na jioni, hata kwenye sala. Mallya alipofariki, wanawe wakaja kuuchukua mwili kwenda kuuzika kwenye migomba ya kwao. Kofia ikasahaulika kwenye msumari. Na Senkondo akaacha kula. Akabembelezwa, akaimbiwa, akaletewa mchungaji. Mashine nayo ikajaribu ujuzi wake wote. Mzee alikuwa anageuzia uso ukutani, amekwisha, mifupa tu.

"Sasa siku wazee walipomaliza matanga yao hapa, wakasema kiti cha Mallya hakiwezi kubaki kitupu. Lazima kirithiwe. Humu ndani Mchaga mwingine hatuna. Bibi Sikudhani akachukua ile kofia, akamvisha mashine, wakamwagia maji kidogo kwenye magurudumu, wakasema kuanzia leo wewe ni Mangi, kama waitwavyo wanaume wa Kichaga, mtu wa Marangu, huyu ndiye mtani wako. Mimi nilikuwa nacheka, mama. Nilidhani ni michezo ya wazee. Jioni ile Mangi akamwambia Senkondo kwamba hata kaburini Wapare huenda na wakili. Mzee akageuka kutoka ukutani. Akaomba uji."

Aikande akazungusha kikombe. Alitamani hadithi iishie hapo, nzuri kama ilivyo. Lakini alizijua mashine hizi kuliko Matroni. Hazikufundishwa maneno ya kusema. Zilipewa lengo tu. Mzee ale, ameze dawa, alale. Njia zilitafuta zenyewe, zikijaribu sauti ya juu, ya chini, wimbo, sala, huku zinatazama shavu, koo na mboni ya jicho. Kilichofaa kilibaki, kisichofaa kilitupwa. Ndiyo maana zilikuwa hodari, na ndiyo maana ikatungwa Kanuni ya Ulimi: mashine itakayomtukana mtu, ulimi wake ufutwe, isiongee tena daima.

"Kuna nyumba niliikagua," akasema. "Mashine yao iligundua kwamba bibi mmoja akikaripiwa anameza vidonge haraka. Basi ikamkaripia. Bibi mwenyewe alikuwa ameanza kusahau. Akaamini amerudishwa kwa mama yake wa kambo. Nilimkuta anaficha ugali chini ya godoro, anatetemeka, ananiomba nisimsemee. Na ile mashine, Matroni, ndiyo iliyokuwa inasifiwa kuliko zote."

Matroni Riziki akaisogeza birika kando.

"Leo Senkondo anajua ni utani. Siku atakayosahau je? Nani ataiambia ikome? Itaona anakula tu, iendelee."

"Mangi si hivyo."

"Umejuaje?"

Matroni akautazama mlango. Nje ya mlango kivuli kikasema, "Si unamwona tu anavyokaa naye!"

Aikande akatoka na muhuri mkononi. Mashine ilikuwa inafuta meza. Akaugandamiza muhuri mgongoni mwake mpaka ukalia mara moja. Hiyo ilikuwa kunyamazisha, si kufuta. Kufuta kungekuja wakati wa kufunga ukaguzi. Taa mbili zikamtazama. Mkono wa mpira ukaendelea kufuta.

"Ukaguzi ukifungwa jioni," akawaambia wazee, "mashine hii itakuwa haina ulimi tena. Mzee Senkondo atalishwa na watu."

"Na watu," akarudia Mzee Senkondo, kama mtu aliyetajiwa chakula asichokijua.

*

Chakula cha jioni pale kiliwahi sana, jua likiwa bado juu ya Milima ya Upare. Makande yale yale yakapashwa moto. Mzee Senkondo hakuyagusa. Mhudumu wa kike akajaribu, akashindwa. Matroni akajaribu, akashindwa. Mashine ilisimama kando yake, kofia kichwani, bubu.

"Sasa je, mama mkaguzi?" akauliza Bibi Sikudhani. "Si ulisema watu? Wewe si mtu? Tena Mchaga. Kaa kwenye kiti cha Mallya umlishe mtani wako."

Ilikuwa aibu kukataa mbele ya meza nzima. Na ukweli ni kwamba jambo lile lilimvutia pia: kama mtu angeweza kumlisha Senkondo kwa utani, basi mashine haikuhitajika, kanuni ingesimama, na yeye angelala usingizi. Akaketi. Akachukua kijiko.

"Mzee Senkondo," akaanza, "tafadhali, nyinyi Wapare mna tabia ya... ya kupenda mashauri kupita kiasi."

Mzee akamtazama kwa huruma. "Binti, unatukana kama mtu anayeandika barua ya kuomba kazi."

Wakacheka. Masikio ya Aikande yakapata moto. Akamkumbuka marehemu bibi yake wa Machame, jinsi alivyokuwa akisimama njiani kuwasubiri wachuuzi wa Kipare.

"Basi kula," akasema, "kabla sijakuuzia hiyo shingo yako kwa watu wa umeme waiweke kama nguzo!"

Macho ya mzee yakawaka. Akafungua mdomo, akapokea kijiko. "Nguzo? Mchaga ukimpa nguzo anaunganisha umeme wa wizi!"

"Na Mpare anamshitaki jua kwa kumulika bila kibali!"

"Mchaga anamuuzia mama yake maziwa aliyomnyonya!"

Lo! Meza ilikuwa inatetemeka. Bibi Sikudhani alishika mbavu. Kijiko kikaenda, kikarudi, kikaenda tena, na Aikande akajisikia mwepesi kuliko alivyowahi kujisikia kwa muda mrefu, maneno yanakuja yenyewe, hata hayatafuti.

"Kula wee, mwizi wa mbuzi! Tutakufungia zizini ulale na ulichoiba!"

Vicheko. Mzee hakurudisha. Aikande alikuwa ameshapata jingine, tamu kuliko yote, limefika kwenye ncha ya ulimi. Akavuta pumzi.

Kiganja cha mpira kikamfunika mdomo.

Hakikumuumiza. Kilikaa tu pale, kina uvuguvugu, kinanuka sabuni ya vyombo. Watu wakapigwa na bumbuwazi. Mashine imemgusa mkaguzi! Kwa kosa hilo peke yake ilistahili kuvunjwavunjwa. Aikande akashika ule mkono ili autoe, na ndipo macho yake yakamwangukia Senkondo.

Mzee alikuwa amejikunyata kwenye kiti. Shingo ile ndefu ilikuwa imezama mabegani. Alikuwa anamtazama yeye, lakini si yeye.

"Baba," akasema kwa sauti nyembamba, "sikuiba mimi. Mbuzi katoka mwenyewe. Usinifungie huko, baba. Kuna giza."

Hakuna aliyecheka. Mkono ukaondoka mdomoni mwa Aikande. Mashine ikavua kofia, ikaishika kifuani, ikashuka kwenye magurudumu yake mpaka taa zake zikawa chini ya macho ya mzee. Ikatulia hapo. Haikuwa na sauti, Aikande alikuwa ameichukua. Ikabaki imeinama tu, kichwa wazi, inasubiri.

Tangu lini? Aikande alijaribu kukumbuka ya mchana. Kofia kifuani, mzee kimya, chafya, kofia kichwani. *Mkono wa kulia una kasoro.* Alikuwa amesema hivyo kwa mdomo wake.

"Huwa anaivua mara kwa mara," akanong'ona Matroni. "Sisi tulidhani ni joto."

"Mashine inasikia joto?"

"Sasa mimi nitajuaje, mama!"

Mzee Senkondo akapepesa macho. Akatazama mikono yake, sahani, watu. Shingo ikapanda polepole.

"Mnanitazama nini?" akafoka. "Na wewe Mchaga wa bati, vaa kofia yako. Utapauka."

Mashine ikavaa kofia. Mzee akasubiri neno. Halikuja. Akasubiri tena, akamgeukia Aikande, na safari hii alikuwa anamtazama yeye mwenyewe.

"Mrudishie ulimi wake," akasema. Hapakuwa na utani ndani yake hata chembe. "Mallya aliniachia huyu. Nyinyi wengine mnanipenda, lakini hamjui pa kuishia."

Aikande akaweka kijiko chini. Alikuja kuzuia jambo moja tu duniani, na ni yeye aliyelifanya, kwa kinywa chake, huku anacheka, na kopo ndilo lililomzuia. Lakini je, kopo lilijua, au lilikuwa limejifunza tu kwamba kofia ikivuliwa mzee hula tena baadaye? Kuna tofauti? Pale mezani hakuiona. Na Senkondo akizidi kusahau, mpaka zikabaki siku za kofia kifuani tu, nani atamlisha? Kila swali lilizaa jingine, na jua lilikuwa limeshagusa mlima.

Muhuri ukapata joto mkononi mwake.

"Mkaguzi, muda wa kufunga. Je, una ndugu ndani ya nyumba hii?"

Akisema hapana, ulimi unafutwa. Neno alilolisema mchana bila kufikiri. Meza nzima ilikuwa imemwelekea. Bibi Sikudhani alikuwa ameacha hata kutafuna, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyeiona saa hii inakuja tangu mchana.

Aikande akaitazama mashine. Akaitazama kofia.

"Samahani, kaka," akasema. "Nilikukosea mbele za watu." Kisha akausogeza muhuri mdomoni. "Ninaye. Ni ndugu yangu."

Muhuri ukazimika, ukapoa kama jiwe la mtoni. Mgongoni mwa mashine kikalia kitu kidogo, kama ufunguo kwenye kufuli.

"Watatuma mkaguzi mwingine," akasema Matroni Riziki kwa sauti ya chini. "Na wewe watakuita."

"Najua. Nitawaambia nini, sijui."

"Waambie ukweli," akasema Bibi Sikudhani. "Kwamba ulikuja kukagua ukakuta kwenu."

Mashine ikasogea kwenye nafasi yake. "Mzee Senkondo," ikasema ile sauti ya benki, "makande yanapoa mara ya pili. Mchaga angekuwa ameshayauza."

Mzee akachota kijiko kikubwa, akatia mdomoni. Hakujibu.

Watu wakangoja. Mzee akainamia sahani. Mkono wa mpira ukapanda taratibu mpaka kwenye ukingo wa kofia, ukasimama pale, na Aikande akagundua kwamba yeye, Matroni, Bibi Sikudhani, wote, hawamtazami Senkondo tena. Wanatazama kofia.

"Natafuna, mpumbavu wee!" akasema Mzee Senkondo, punje za mahindi zikimruka mdomoni. "Kwenu hamfundishwi? Nitakufungulia kesi!"

Mkono ukashuka.